Moto wa Asubuhi

Sigara nilijifunzia jikoni. Huku kwetu Magamba mwanamke akionekana anavuta barabarani atasemwa mwezi mzima, kwa hiyo sisi tuliovuta tulijificha kwenye jiko la nje, tumechuchumaa karibu na mafiga. Moshi wa kuni ulificha ule mwingine. Mume wangu alivuta popote alipotaka.

Nilipokatwa titi la kushoto kwa ajili ya saratani, muuguzi wa kliniki alinieleza taratibu kwamba sigara ingechelewesha kidonda kupona na kunirudisha kwenye hatari. Niliacha siku hiyohiyo, kwa hofu. Lakini hofu huzoeleka. Baada ya wiki chache unahitaji kitu kingine, na kwangu kitu hicho kilikuwa mtu wa kuacha naye.

Mume wangu alijitolea. Kwenye ibada ya nyumbani, mbele ya majirani, alitupa pakiti yake motoni akasema, "Tunaacha wote." Kesho yake akachukua kazi ya kuwasha moto asubuhi.

"Lala, mama watoto. Mkono huo wa kushoto bado haujapona."

Ni kweli, mkono ulikuwa haupandi juu ya bega. Nilimsikia akipuliza kuni na kukohoa, kisha akaniletea chai kitandani. Mwanamume wa Kisambaa, jikoni, mkewe yupo! Nilimsifu kwenye kikundi cha akina mama, na jirani yangu akaguna: "Basi na sisi tukatwe, tuletewe chai!" Tulicheka mpaka mshono ukaniuma.

Lakini kila kikombe kilipofika, hamu ya sigara ilinishika. Nilimweleza muuguzi.

"Nyumbani nani anavuta, mama?"

"Hakuna," nikajibu, tena kwa majivuno.

Akasema huenda ni mazoea ya chai. Nikaacha chai, nikanywa uji. Nikatafuna karoti mbichi. Hamu ikabaki palepale, na mimi nikajiona dhaifu. Niliomba toba kwa tamaa niliyodhani inatoka ndani yangu.

Mwezi wa saba tangu aanze kuwasha moto, mkono wangu ukapanda juu ya bega. Asubuhi moja nikaamka kabla hajarudi na chai, ili anione nabeba kuni mwenyewe afurahi. Nikamkuta amechuchumaa pale pale nilipokuwa nachuchumaa mimi, sigara mdomoni.

"Nawasha kuni," alisema.

"Na hiyo ni kuni gani?"

Binti yetu alikuwa nyuma yangu, amekuja kuzoa majivu. Hakushtuka hata kidogo. Alinishika bega akasema, "Mama, rudi ndani, kuna baridi." Hapo nikajua kuwa naye alijua.

"Nilificha kwa ajili yako," mume wangu alisema. "Ungeniona ungerudia."

Hakuwa amenificha kitu. Kila asubuhi aliniletea moshi wa sigara, uliojificha ndani ya ule wa kuni, kwenye sweta lake, pamoja na kikombe, hadi kitandani. Sigara yenyewe ningeweza kuielewa, maana naijua inavyomkaba mtu. Ninachoshindwa ni ile chai. Miezi saba ya wema, na sijui sehemu gani ilikuwa yangu na ipi ya sigara.

Kliniki iliyofuata nilimwambia mume wangu tunakwenda wote.

"Shikamoo mama," muuguzi alisema.

"Marahaba. Niulize tena lile swali."

Akauliza nani anavuta nyumbani.

"Mmoja. Huyu hapa."

Muuguzi hakumgombeza. Alimvutia kiti karibu na meza, akaanza naye upya kama alivyoanza nami. Mume wangu aliangalia viatu vyake muda wote.

Nawe unayeacha sigara, ukiulizwa swali hilo, usijibu haraka kama mimi. Nusa sweta kwanza. Hamu inayokuja kila siku saa ileile si lazima iwe udhaifu wako.

Bado sijavuta. Moto nawasha mwenyewe sasa, kwa mikono yote miwili. Chai yake namwekea juu ya jiwe nje ya ua, naye anakwenda kuinywea huko. Akimaliza sigara yake, anasubiri upepo umtoe harufu kwanza ndipo aingie.