Mzee wa Baraza Haanguki

Vijana wa kijiji cha Mbebe walipokamatana viunoni kwa mieleka uwanjani, mabega ya Anyelwisye, aliyekuwa akitazama pembeni, yaliinama pamoja nao, na mguu wake wa kulia ukatafuta kisigino cha mtu asiyekuwepo. Alikuwa amevuka miaka hamsini. Shati lake jeupe, lililopigwa pasi, lilikuwa la mzee wa baraza, lakini mikono alikuwa ameikunja hadi kwenye viwiko.

Watu walimwita Wakili. Ujanani alikuwa karani wa mwanasheria mmoja mjini Mbeya, akaandika hoja za wengine mpaka sheria ikamkaa kichwani. Aliporudi milimani akakuta haimsaidii kitu, kwa kuwa katika baraza la chifu wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Miaka nenda rudi aliketi nyuma, akiwasikiliza wajane na maskini wakijikanyaga kwa maneno, naye kimya. Hasira hiyo aliitua uwanjani kila baada ya mavuno ya ulezi. Aliwaangusha wa kwao, na waliovuka mto Songwe kuja kumjaribu akawaangusha pia.

Mwaka 1951 chifu alimpa kiti cha mzee wa baraza, kwa sharti moja.

“Mzee wa baraza haanguki mbele za watu. Siku utakayomshika mtu kiuno, kiti nampa mwingine.”

Anyelwisye alikubali. Mzee wa baraza anaruhusiwa kusema, na kesi ya Ikupa ilikuwa inakuja. Ikupa alikuwa mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake Lusubilo, na sasa Lusubilo aliidai mibuni ambayo Ikupa na marehemu mumewe waliipanda.

Jumamosi hiyo, siku mbili kabla ya hukumu, Lusubilo alifika uwanjani na Sadoki, kijana wake wa kubeba magunia ya kahawa.

“Shikamoo, Mzee Wakili!” Sadoki alipaza sauti. “Kiti kimekunenepesha, au ni woga tu?”

“Marahaba. Kacheze na wa rika lako.”

“Wa rika langu nimewalaza wote. Au mkeo amekukataza kuchafua shati?”

Watu wakaangua kicheko.

“Mwacheni jamani,” Lusubilo alisema. “Sheria inaumwa mgongo.”

Anyelwisye aliuona mtego. Akimshika Sadoki leo, Jumatatu Ikupa hana wa kumtetea. Alikunjua mikono ya shati, akafunga vifungo, akaenda zake nyumbani.

Jumatatu, barazani, alisema yote. Mti ni wa aliyeupanda. Ikupa alichimba mashimo kwa mikono yake, na Lusubilo mwenyewe alipoulizwa alikiri hakuwahi kubeba hata mche mmoja. Wazee walitikisa vichwa kuafiki. Chifu alisikiliza mpaka mwisho.

“Maneno ya Wakili ni mazuri sana,” alisema. “Lakini mila ni mila. Mibuni ni ya Lusubilo.”

Nje, Ikupa alimshika Anyelwisye mkono. “Baba, rufaa si inasikilizwa bomani Tukuyu? Twende wote, ukanielekeze.”

“Mzee wa baraza hawezi kupinga hukumu ya baraza lake.”

Alisema hivyo, kisha akaanza kukunja mikono ya shati. Sadoki alikuwa ameegemea ukuta wa baraza akitafuna muwa.

“Sadoki! Jumamosi ulikuwa unanitafuta.”

“Aa, mzee, nilikuwa natania.”

“Mimi sitanii.”

Walikamatana hapohapo uani, chifu akiwa mlangoni. Mzee alishikilia zaidi kuliko walivyotarajia. Mara mbili Sadoki aliyumba. Kisha nyonga ikamsaliti mzee, na mgongo wake ukapiga ardhi kwa kishindo. Hakuna aliyecheka. Sadoki mwenyewe alimpa mkono ainuke.

“Nani ameanguka?” Anyelwisye aliuliza huku akihema.

“Wewe, mzee,” watu walijibu.

“Hapa angalau tumeona sote, na hukumu imefuata tulichokiona.” Akamgeukia chifu. “Kiti chako hicho.”

Kesho yake yeye na Ikupa walishika njia ya Tukuyu, mzee akichechemea. Alijua bomani nako hawatamruhusu kufungua kinywa. Miaka yote ile, na angali nyuma ya mlango.

“Tena,” alimwambia Ikupa kwenye mteremko. “Nani alichimba mashimo?”

“Mimi.”

“Usininong'oneze mimi, mama. Mimi nitakuwa nje.”

“Mimi!”

“Na miche ilibebwa na nani?”