Picha Iliyokuwa Chini ya Godoro la Mama

Harufu ya rangi ya kupuliza hunichefua mpaka leo. Mtu akipaka geti huku mjini Kitui, mimi huvuka barabara. Hunirudisha kijijini Matinyani, darasa la saba, muhula ambao shule yetu ililetewa kompyuta moja kuukuu, kasha lake limechubuka kama goti la mtoto. Mwalimu wa sanaa alisema wageni wanakuja kufungua chumba cha kompyuta na hawawezi kukuta kitu kibovu hivyo. Atakayeleta plastiki ngumu ya kukatia kiolezo cha kupulizia rangi, tena mchoro mzuri, ndiye atakayelipaka kasha kwa mkono wake, na ndiye atakayeiwasha kompyuta siku hiyo. Nilitaka kuiwasha kuliko nilivyotaka Krismasi.

Plastiki niliijua ilipo. Chini ya godoro la mama kulikuwa na picha ya eksrei ya kifua chake, aliyopigwa mwaka uliotangulia alipougua kifua kikuu. Alimeza dawa zote, akapona, akatoa ushuhuda kanisani, na pasta akamwambia mbele ya waumini kwamba kuweka picha ya ugonjwa nyumbani ni kumwekea shetani kiti. Kwa hiyo nilipoiomba, wala hakusita. "Chukua, Mueni. Picha ya ugonjwa ni ya nini na mimi nimepona?"

Tuliiloweka katika beseni lenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Mama mwenyewe alisugua. Mbavu zikafifia, mapafu yakatoka vipande vipande, maji yakawa meusi, ikabaki plastiki safi. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Ona inavyoenda! Iende kabisa!" Kisha nikaiweka juu ya kiondo alichokuwa akisuka, nikafuata marembo yake kwa kalamu, nikakata kwa wembe. Jumatatu nilikibandika kiolezo kwenye kasha, nikapuliza rangi nyekundu, nikakibandua. Jamani, kiondo cha mama kilikaa pale kikapendeza!

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakala kuku. Aliyeiwasha kompyuta ni mtoto wa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mimi niliambiwa nisimame nyuma na kwaya. Kesho yake ilifungiwa stoo, na sikuwahi kugusa hata kitufe kimoja.

Mvua za Desemba zilimkuta mama anakohoa tena. Hospitalini daktari aliinua picha mpya kwenye taa, akaitazama sana. "Mama, ile ya kwanza iko wapi? Kuna kivuli hapa, nataka kujua kama ni kovu la zamani ama ni kitu kipya." Nakala hawakuwa nayo, maana siku hizo picha ulienda nayo nyumbani. Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo, alinitupia jicho akajibu, "Ilipotea, daktari."

Bila picha ya kulinganisha, wakamrudisha kwenye dawa za kifua kikuu. Alizimeza miezi mingi huku akikonda, pasta akija kuomba na kunywa chai. Kumbe ilikuwa saratani. Tulipoambiwa, hapakuwa tena na la kufanya, na tulimzika kabla sijamaliza darasa la nane.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama hakuyaficha maradhi, alimtii pasta tu. Watu huniambia nisijilaumu, eti nilikuwa mtoto. Sawa, nilikuwa mtoto. Na pasta alikuwa na miaka mingapi? Simsamehe, na mimi mwenyewe sijajisamehe.

Juzi nilimpeleka binti yangu hospitali ile ile, naye kifua. Alipigwa picha, lakini sikupewa kitu mkononi. Nikamuuliza daktari kwa ukali, "Picha ya mtoto wangu iko wapi?" Akanigeuzia kioo nione. "Iko humu kwa kompyuta, mama. Hata miaka ijayo tutaipata." Niliomba kutoka nje kidogo, nikalia nimeegemea ukuta. Picha ya binti yangu inatunzwa ndani ya kompyuta. Ya mama yangu niliikata nipambe nje yake.