Daftari la Hisabati

Jumanne nilimwakilisha dada yangu kwenye kikao cha wazazi, katika shule moja ya kata upande wa Igunga. Ajenda ilikuwa moja: matokeo mabaya ya kidato cha nne, hasa Hisabati.

Ofisa elimu kutoka wilayani alifuta miwani, akasema chanzo ni utoro. Watoto wanapelekwa kuchuma pamba na kuchunga ng'ombe.

"Kuanzia sasa, mtoto akikosa siku tatu, mzazi wake tunamwita hapa ajieleze."

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, wa kwangu hajakosa hata siku moja." Akafungua khanga aliyofungia vitu vyake, akatoa daftari la Hisabati la mwanawe, akaliweka mezani.

Ofisa akalamba kidole, akafunua. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe juu, imepigiwa mstari kwa rula. Mwandiko mzuri, lazima niseme. Chini ya mstari hapakuwa na kitu.

"Mbona ni tarehe tupu?"

"Akiingia darasani anaandika tarehe, anamngoja mwalimu. Ndivyo mlivyowafundisha. Mwalimu mwenyewe hajaonekana tangu mvua za kwanza."

Mkuu wa shule akaangalia dari.

"Sasa nauliza," mama akaendelea kwa upole, "mzazi wa mwalimu mmeshamwita?"

Hakuna aliyecheka. Ofisa alisema hoja imepokelewa, akafungua daftari lake, akaandika, akalifunga. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikawahi kuchungulia.

Alikuwa ameandika tarehe.