Kisanduku Namba Saba

Kwa wiki saba Lyle Haugstad hakuifungua kompyuta yake. Ilikaa kwenye meza ya chumba cha chini, juu yake taulo aliyoitupia mwenyewe, na kila aliposhuka kuchukua nyama kwenye friza alizungukia upande wa pili, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemwamini. Mkewe Noreen aliona. Hakuuliza.

Lyle alikuwa na miaka hamsini na tisa. Thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa fundi wa mabasi ya shule pale Elmdahl, mji mdogo wa wafugaji huko Wisconsin, na watu walimjua kwa mambo mawili: hana maneno mengi, na ndiye mchoraji wa fataki za Julai, za sikukuu ya uhuru. Zamani yeye na wenzake wa kilabu cha fataki waliziwasha kwa mkono, wanakimbia wameinama na moto mkononi, na hakuna aliyejua kwa uhakika ipi itafuata. Kisha Lyle akanunua programu ya kupangia maonyesho. Kwenye skrini aliweza kuuchora uwanja mzima, ukingo wa ziwa, mahali pa watazamaji, mistari ya mabomba ya kurushia. Anaweka wimbo, halafu chini ya wimbo anapanga fataki moja moja: hii ipasuke ngoma inapogonga, ile ichanue mwimbaji anapovuta pumzi. Akibonyeza, anga lote linamchezea pale kiooni, bila moshi wala harufu. Mwanamume ambaye hata siku ya harusi yake alikataa kucheza dansi alikaa chini kule majira yote ya baridi, theluji imefika madirishani, akipanga nyota zije lini na ziondoke lini.

Aliyezipeleka uwanjani ni Duane Kressin. Walisoma darasa moja tangu wakiwa na miaka sita. Duane alikuwa na ng'ombe themanini wa maziwa, na kifua kama mlango. Yeye ndiye aliyechimba, aliyebeba, aliyefunga kamba. Alimwita Lyle "Profesa." Lyle naye alimwita "Nyundo," kwa sababu kila kitu alikishika kama anakwenda kugongea msumari. Waya akiuvuta unakatika, kopo la bia akilifungua linamwagikia jirani. Kilabu kizima kiliicheka mikono ya Duane, na Duane alicheka kuliko wote.

Ilikuwa tarehe tatu Julai, saa kumi alasiri. Duane alikuwa mstari wa nyuma, amepiga magoti kwenye nyasi, akichomeka waya za mabomba kwenye visanduku. Kila kisanduku hupokea amri kwa redio, kina namba yake, na huitika namba hiyo tu. Lyle alikuwa mstari wa mbele, hatua sitini kutoka pale, ameshika rimoti. Alitaka kujaribu chemchemi moja ndogo ya cheche ili aone kama mawimbi yanafika vizuri. Akawaonya waliokuwa mbele wasogee, wakasogea. Akabonyeza saba, namba ya kisanduku cha chemchemi hiyo. Chemchemi ikawaka, na nyuma yake, saa ileile, bomba likapasuka.

Duane alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia na jicho la upande huohuo.

Mkaguzi alikuja, akapiga picha, akaziangalia waya zilizoungua, akawauliza wote waliokuwepo. Walisema walilolijua: Duane ana mkono mzito, huvuta waya. Na kiwashio kilicho mwisho wa waya kikikwaruzwa kwa nguvu kinaweza kushika moto chenyewe, hilo hata mgeni wa kilabu hufundishwa siku ya kwanza. Lyle alipofikiwa, alisema alibonyeza chemchemi ya mbele peke yake. Hakuwa amedanganya. Lakini sauti ilimtoka kama si yake. Ripoti ikaandikwa kwamba waya ulivutwa. Hakuna aliyeomba kuiona kompyuta.

Lyle alikwenda hospitali kumwona Duane mara tatu. Mara ya nne alifika hadi maegesho, akakaa ndani ya gari na injini inanguruma, akarudi nyumbani. Baada ya hapo alisema ana kazi nyingi, mabasi yanatengenezwa kabla shule hazijafunguliwa. Usingizi ulimkimbia. Chakula alikigeuzageuza kwenye sahani. Wiki ya nne Noreen aliuchukua ufunguo wa kabati la bunduki ya kuwindia kulungu, akauficha ndani ya debe la unga. Lyle alikuwa ameshagundua kwamba haupo. Naye hakuuliza.

Ijumaa moja mwishoni mwa Agosti alikwenda kununua samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa mji, kama nusu ya mji inavyofanya kila Ijumaa. Kwenye foleni, mbele yake, alikuwepo Corrine, mke wa Duane. Alikuwa amekonda. Alimshika Lyle mkono kwa upole, na upole ule ndio uliomkata maini.

Lyle akamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Corrine akasema vidonda vinapona, shida si vidonda. Wanauza ng'ombe mwezi ujao.

"Anasema mikono yake ndiyo iliyomponza," alisema. "Hata ule mzima hauamini tena. Juzi nimempa kikombe cha kahawa, akaniambia, kiweke mezani, nitakivunja. Anakaa zizini kutwa nzima juu ya ndoo, Lyle, anaitazama mikono yake tu. Njoo umwone. Wewe anakusikiliza."

Lyle alitoka kwenye foleni bila samaki.

Kesho yake asubuhi alishuka chini, akaondoa taulo, akaifungua kompyuta. Alijua pa kutazama. Amepajua kwa wiki saba, na kwa wiki saba amepakimbia. Ili asianze upya, majira ya baridi alinakili mstari wa mbele mzima akaubandika nyuma, kisha akabadilisha namba za visanduku kimoja kimoja. Sita alivibadilisha. Cha saba alikisahau. Kulikuwa na namba saba mbele, na namba saba nyuma, na alipobonyeza viliitika vyote viwili.

Na programu ilikuwa imemwambia. Kwenye orodha ya maonyo kulikuwa na alama ya njano na sentensi moja: namba saba imetumika mara mbili. Kando yake kulikuwa na alama ya vema, inayowekwa na mtu akitaka onyo lifichwe. Akaikumbuka siku hiyo ya Machi. Maonyo yalikuwa arobaini na tatu, karibu yote ya upuuzi, rangi kugongana, moshi kuziba picha. Aliyachagua yote kwa pamoja akayaficha, akaenda kula.

Noreen alimkuta amekaa, mikono imelegea mapajani. Alimweleza kila kitu, akamwonyesha. Noreen alisoma mara mbili. Aliifikiria nyumba, na mawakili, na miaka yake iliyobaki, yote yakampita usoni.

"Nani mwingine anayo hii?" aliuliza.

"Hakuna."

Noreen akavuta kiti karibu, akakaa, akaweka mkono mgongoni mwa mumewe.

"Basi nenda," alisema, "kabla sijakuomba uifute."

Lyle alifika kwa akina Kressin wakati wa kukamua jioni. Corrine alikuwa na kibarua wa zamu upande wa mwisho, mashine zinavuta. Duane alikuwa kwenye ndoo yake karibu na mlango, mkono wa kulia umefungwa, kitambaa jichoni, mkono wa kushoto umelala gotini kama kitu cha mtu mwingine.

"Profesa," alisema. "Nilidhani umehama mji."

Lyle aliweka kompyuta juu ya pipa la pumba, akaomba amwonyeshe kitu. Duane akasema hataki kuona fataki, si leo. Lyle akasema si fataki. Akaeleza taratibu, kidole juu ya kioo: huu ni mstari wa mbele, huu wa nyuma, hii ni namba yako, hii ni yangu. Duane aliinama, akageuza shingo ili jicho moja lione vizuri.

"Hukuvuta waya," Lyle alisema. "Mikono yako haina kosa. Ni mimi nilibonyeza, ikakulipukia wewe."

"Rudia."

Akarudia.

Duane alinyoosha mkono wa kushoto, polepole, akagusa ile alama ya njano. "Na hii?"

"Ni onyo."

"Ilikuambia?"

"Iliniambia. Mwezi wa tatu."

"Ukafanyaje?"

"Nikaificha."

Mashine zilivuta, ng'ombe mmoja akapiga kwato kwenye saruji. Duane aliuliza amejua lini. Lyle angeweza kusema leo asubuhi, na ingekuwa nusu ya kweli.

"Nimeona leo," alisema. "Lakini tangu siku ile nilikuwa naogopa kuangalia."

"Wiki saba."

"Wiki saba."

"Mimi nimelala hospitali, kisha nimekaa hapa kwenye ndoo, wiki saba," Duane alisema. Hakupaza sauti. "Mke wangu ananikatia nyama kama mtoto. Watu wanakuja na keki, wanasema pole Nyundo, ndiyo mikono yako hiyo, na mimi nacheka nao. Na wewe unaogopa kuangalia."

Corrine alikuwa amesogea, vikombe vya kukamulia vinaning'inia mkononi. Duane akamwambia mkewe kwa maneno machache, bila kumtazama Lyle. Kisha akasimama.

"Toka kwenye zizi langu, Lyle."

Tangu shule ya msingi hakuwahi kumwita kwa jina.

Jumatatu Lyle alimpelekea mkaguzi faili hilo kwa mkono wake, akasaini maelezo mapya. Ripoti ikabadilishwa. Mawakili walikuja, wakachukua walichochukua, na akina Haugstad wakahamia nyumba ndogo nyuma ya kanisa. Kilabu kilikutana, Lyle alisimama mbele ya watu kumi na wanne akasema aliyoyasema zizini, na hakuna aliyempinga alipoweka rimoti mezani na kutoka. Julai iliyofuata hapakuwa na fataki Elmdahl. Wala iliyofuata hiyo. Watoto walipewa aiskrimu.

Duane hakuuza ng'ombe. Noreen aliisikia habari hiyo kwa Corrine, dukani, kwa sauti ya chini, Corrine akitazama mlangoni kama anafanya jambo la aibu. Anakamua kwa kushoto, alisema. Anachelewa, anatukana, lakini anakamua. Noreen alipomsimulia mumewe, Lyle alilia akiwa amesimama mbele ya sinki, na alipomaliza hakuona amepata nafuu yoyote.

Majira ya baridi ya pili alimwona Duane kwenye duka la vyakula vya mifugo. Lyle alikuwa bado garini. Duane alitoka na gunia begani, ameliegemeza kwenye kiganja chenye vidole viwili, akalitupa ndani ya pikapu, akarudi kuchukua la pili. Alikuwa anaongea na muuzaji, anacheka. Alipogeuka aliliona gari la Lyle. Kicheko kilikoma. Alisimama pale kwa muda ambao mtu angeweza kufungua mlango na kushuka, na Lyle mkono wake ulikuwa kwenye kitasa.

Kisha Duane akapanda pikapu yake, akaondoka kupitia njia ya nyuma. Lyle alisubiri hadi vioo vilipoingia ukungu, ndipo akaingia dukani kununua chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani.