Springi Laini

Kila Ijumaa baada ya sala, dereva wa gari ya wagonjwa huingia banda la michezo la Thuwaini, Kikwajuni, hufuta vidole kwa leso ndipo akashika pedi ya pleisitesheni. Wenzake hukimbilia kushindana mbio za magari. Yeye hukaa kwenye ukurasa wa matengenezo ya gari, akilegeza springi, akipunguza upepo wa matairi, kisha huzunguka raundi moja, kichwa kakiinamisha upande kama anayesikiliza injini ya kweli, akarudi kulegeza tena.

"Springi ngumu ndo mbio, bwana," Thuwaini humwambia.

"Mbio ipo," hujibu kwa sauti ya chini. "Lakini gari isimrushe mtu."

Ijumaa moja akaja bingwa wa Malindi, aliyewafunga wote hapo bandani. Thuwaini, aliyechoka kutaniwa kuwa bandani kwake hakuna wa kumshinda, akampa dereva pedi ya pili. Ile gari laini ikashika kila kona bila kuyumba, na kwenye raundi ya mwisho ikamfikia bingwa, ambaye kwa pupa alikata kona vibaya, gari yake ikapinduka katikati ya njia.

"Mpite! Mpite!" banda zima likapiga kelele. Nafasi ilikuwapo.

Dereva akafunga breki, akaegesha pembeni.

"Unasimama nini sasa?" Thuwaini alimaka.

Bingwa akabonyeza kitufe, gari yake ikakaa wima, ikaondoka kwenda kushinda. Dereva hakuitazama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa ubavuni mwa kiti alichokalia, unatafuta breki ya mkono.