Wekundu Nilioukagua Kutoka Kilimani

Laiti ningalimjibu Mzee Hamad kuwa sijui, aibu hii ninayowasimulieni ingalikuwa ya mtu mwingine. Lakini nilikuwa nimerudi Pemba kutoka Unguja na cheti changu cha sekondari na suruali ndefu iliyopigwa pasi mpaka mkunjo unakata mkono, na posa yangu kwa binti yake Salma ilikuwa bado inangoja jibu. Basi aliponiambia, "Kombo ndiye hunikagulia mikarafuu, naye kalala na homa, na goti langu limeshakikataa kilima. Wewe msomi utaweza?" nikasema, "Hilo dogo, Mzee."

Nikenda. Kufika juu ya kilima nikaona njia ya kushukia shambani ni tope tupu (kiangazi cha mwaka ule hatukukiona, mvua ilipokezana na mvua mpaka masika), nikavitazama viatu vyangu, nikaamua kukagua pale pale nilipo. Na wallahi palipendeza. Jua lilitoka baada ya manyunyu, na vilele vyote bondeni vilikuwa vyekundu, vinang'aa kama vimepakwa mafuta, na mimi nilijua kwamba karafuu ikiwiva hugeuka nyekundu.

"Mapema hivi?" Mzee aliniuliza.

"Mvua nyingi zimeziwahisha, Mzee. Tukichelewa zitaanguka." Nikaongeza maneno ya darasa la jiografia ambayo hata mimi sikuyafahamu vizuri.

Akapeleka habari Wingwi na Micheweni, wakaja wachumaji zaidi ya arubaini na sufuria zao, mikeka na kamba. Asubuhi ikasomwa dua nyumbani kwake, ubani ukafukizwa, wali ukaliwa, tukashuka wote bondeni ukungu ungali umetanda. Ukiwa chini ya mikarafuu mikubwa vilele huvioni vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeshuku kitu. Mzee, aliyeshushwa kwa kushikwa mikono, akaniwekea kiganja begani mbele ya watu. "Huyu ndiye aliyeziona. Apande yeye kwanza."

Nilijiona bwana harusi. Nikavua viatu, nikapanda na suruali yangu ndefu, nikalivuta tawi jekundu la kwanza, na mkononi mwangu yakabaki majani. Majani machanga, laini kama sikio la mtoto, na kishada cha karafuu hata kimoja hakuna.

Hapo mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikapiga kelele kwamba zimejaa upande wa pili, nikahamia mti wa pili, na suruali ikapasuka nyuma (wapi hasa, msiniulize), kisha wa tatu, na kila nilipofika nikatupa chini chochote nilichokishika ili nionekane ninachuma.

Bi Time, mkubwa wa wanawake wa kuchambua karafuu vikonyoni, akaokota fumba zima la majani mkekani. "Mwanangu, haya tuyachambue au tuyatie chai?"

"Mwache, Bi Time," akasema mwenziwe. "Karafuu za Unguja ndivyo zilivyo."

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kombo alikuwa amejikokota na shuka lake mabegani. "Yakhe," akaniita, "mti huu ukikamatwa na kiangazi cha sawasawa hutoa vishada. Mvua isipokatika hutoa majani, na jua la baada ya mvua huyapa wekundu huo. Wiki chache tu yatageuka kijani."

Nikamjibu kutoka juu, "Labda hii ni aina nyingine."

Mzee Hamad peke yake hakucheka. "Shuka, mwanangu," akasema, kisha akawazungukia wachumaji mmoja mmoja akiwaomba radhi, mtu mzima yule, na goti lake. Aliponifikia akasema polepole, "Kutojua rangi ya mkarafuu si kosa, tungekufundisha. Lakini majani umeyashika kwa mkono wako, na bado ukapanda mti wa pili na wa tatu."

Leo nina shamba langu, na nasema kwa kujivunia kwamba hakuna tawi ninalolitolea habari kabla sijaligusa. Vijana wakiniuliza nisilolijua, nawaambia silijui, na neno hilo silioni zito tena. Ila hilo nilijifunza nimechelewa. Posa ilirudishwa wiki ile ile, kwa adabu, kupitia kwa shangazi yangu, na kabla ya mwaka kwisha Salma akaolewa na mtu wa Wete. Nilimpoteza yeye.