Bibi Aliyeitika Kila Nilipowasha Programu

Najua ukimaliza kusoma utasema nilikuwa nimechoka. Sikuwa nimechoka. Ilikuwa mchana, nyumbani kwangu Buhembe, nimetoka kula ndizi na maharage, na akili zangu zote nilikuwa nazo.

Natengeneza programu za mtandaoni. Wakati ule nilikuwa na ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa huko Muleba. Nikueleze kidogo, si jambo gumu. Programu mpya ni kama nyumba isiyo na watu. Badala ya kuandika wanachama mmoja mmoja, majina unayaweka kwenye faili, na programu inalisoma na kuyaingiza yenyewe kwenye hifadhidata, ghala lake la kumbukumbu. Mimi niliiagiza hivi: kila ninapoiwasha, ifute wote waliomo, kisha iwaingize upya kutoka kwenye faili. Wakati wa majaribio wengi tunafanya hivyo, na kwa siku unaiwasha mara nyingi kuliko unavyokunywa maji.

Mvua ilipiga bati hata feni ya kompyuta sikuisikia. Lakini "hodi" niliisikia, tena ya sauti ya chini. Mlangoni alisimama bibi mwembamba, kitenge chake kikavu. Kikavu, nakwambia, katika mvua ile!

"Karibu, waitu," nikamwita kwa heshima ya kwetu, nikampa kiti.

Kabla sijamtafutia chochote, akafungua kifundo cha kitenge, akatoa akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Kwetu mwenyeji ndiye humpa mgeni. Mgeni akikupa wewe, ndani ya nyumba yako, utasemaje? Alipasua tunda moja, akanipa punje. Nikatafuna.

"Mimi ni Kokugonza wa Rubya," akasema. "Nimeitika."

"Nani amekuita, bibi?"

"Si wewe? Unaniita, nakuja. Sijakaa vizuri, unanitoa. Unaniita tena. Mwanangu, hata kuku hafukuzwi hivyo."

Nilicheka, nikadhani chama kimemtuma arekebishe taarifa zake. Nikageukia skrini. Jina lake lilikuwepo. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu.

Nikampigia katibu wa chama.

"Kokugonza wa Rubya? Wewe, umeanza kunywa rubisi mchana kweupe? Yule tulimzika kibanjani kwake, kwenye migomba, jembe nilishika mimi. Binti yake ndiye analeta kahawa, bado kwa jina la mama."

Nikafanya ambalo hata wewe ungefanya: nilimfuta kwenye skrini, nikaenda kulala na taa inawaka.

Kesho yake nikawasha programu kama kawaida. Umeona nilipokosea? Kwenye hifadhidata nilimtoa, kwenye faili nilimwacha. Programu ikalisoma faili na kumwingiza tena, kwa utii wote.

Safari hii hakupiga hodi. Alikuwa ameshakaa kitini, uso umechoka kama wa aliyepanda mlima.

"Jana umenifuta kabisa," akasema. "Hukuuliza hata mibuni yangu inabaki na nani."

Ni kweli. Bila jina kwenye programu, kahawa ya binti yake ingekataliwa mlangoni mwa chama. Nikamuuliza, "Nifanyeje, waitu?"

"Usinifute kama sikuwahi kulima. Wala usiniite kama bado nalima."

Akaondoka. Sikuona anapita wapi.

Nilimpigia katibu tena, akanipa jina la binti. Nikafungua faili lenyewe. Kando ya Kokugonza nikaandika "marehemu", na chini yake nikamwandika binti kuwa mwenye mibuni. Kisha nikabadilisha agizo: programu isifute tena, iangalie kwanza nani yumo, iingize wasiokuwemo tu na kurekebisha taarifa zilizobadilika. Nikaiwasha, macho yangu yakiwa mlangoni. Hakuja mtu.

Ila mezani nilikuta punje moja, ya pili ya lile tunda alilopasua. Wazee wetu waligawana punje mbili za tunda moja walipofunga undugu. Ipo mezani kwangu mpaka leo. Sijaitafuna, wala sijaitupa.

Nawe unayejifunza kazi hii, utaiweza tu, usiogope. Lakini kabla ya kuwasha, lisome faili lako kwa sauti, jina kwa jina, uulize nani bado yupo. Ukibonyeza, kuna mtu mahali fulani anashtuka, anaanza kujifunga kitenge aje.